Nilimnyang'anya Sekela Mlango wa Nyuma

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu sijazoea kulisema, na nikianza kuzungukazunguka sitalifikia. Nilimharibia mwanamke mwenzangu biashara yake, nikamvurugia na nyumba yake, na kuna mzee amelala kaburini Kisondela. Hakuna aliyenishtaki. Hakuna hata aliyenitukana. Laiti wangenitukana!

Kwanza mnijue, ingawa jina sitalitaja. Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Rungwe. Niliondoka na viatu vya kuazima, nikasoma hadi nikapata diploma ya biashara, nikafanya kazi Dar es Salaam katika shirika la umma, na meza yangu na simu yangu. Mashirika yalipoanza kuuzwa na watu kupunguzwa, wenzangu walilia. Mimi nilichukua kiinua mgongo changu nikarudi Tukuyu na cherehani mbili na friji. Nikajenga Makandana, tofali za kuchoma. Nikafungua duka la sare za shule. Kwa jasho langu! Hilo sitaliondoa hata leo.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila mtu aliambiwa biashara ni ruksa. Mitumba imejaa hadi barabarani, fremu za maduka zinajengwa stendi rangi ya ile ya jirani haijakauka. Wanawake waliozoea kuuza ndizi kwa aibu wakaanza kuuza kwa sauti, na wakaanza kuja kwangu kuuliza. Jumapili baada ya ibada kibaraza changu kilijaa. Waliniita Mama Diploma. Wengine walilisema kwa kejeli, nalijua, lakini jina nililipenda. Cheti changu nilikitundika sebuleni, mahali ambapo mtu akikaa hawezi kukikwepa.

Na niliwasaidia wengi, nalisema hilo kabla sijafika kwenye aibu yangu. Yupo aliyekuwa akiuza maziwa kwa kikombe mlangoni kwake, leo anapeleka hotelini kila asubuhi. Yupo niliyemfundisha kukata sketi, sasa ananinyang'anya wateja. Sijui kama hayo yananisaidia chochote mbele ya Mungu.

Sasa Sekela. Siyo jina lake, lakini nimwite hivyo.

Sekela alikuwa na banda la mabanzi nyuma ya bucha, kwenye kichochoro. Anauza chai, ndizi za kuchemsha na maharage, asubuhi vitumbua. Mikono yake ilikuwa ya baraka. Watu walikuwa wanalifuata banda lile kwa harufu, maana kwa macho usingeliona. Nilipokwenda mara ya kwanza kulikagua (ndiyo, nilikuwa nakagua, na daftari mkononi) niliona makosa matatu. Banda limejificha. Banda dogo lakini lina milango miwili, mmoja wa mbele na mwingine unaotokea migombani, nafasi ambayo ungeweka benchi zima. Na tatu, juu ya meza ya pembeni kulikuwa na kikombe cha chai kimejaa, kimefunikwa kisosi, hakuna mteja.

Nikamwambia hiyo chai inapoa bure, huo ni upotevu. Alitabasamu tu. Nikamwambia azibe mlango wa nyuma. Akasema, "Ule nauhitaji, dada." Nikamuuliza wa nini. Akainama, akapuliza moto.

Nilimshughulikia miezi mitatu. Nilimtafutia fremu stendi, usoni kabisa, pale mabasi ya Kyela na ya Mbeya yanaposimama. Fremu safi, sakafu ya saruji, mlango mmoja mpana. Alikuwa anasitasita. Kila nikimbana anasema, "Pale stendi kuna mzee anapita." Mzee mwenyewe ni baba mkwe wake. Alikuwa akitoka Kisondela kila mwezi kwa kliniki ya sukari, na njia ya kwenda hospitali inapita mbele ya fremu ile.

Ndugu yangu unayesoma, kama wewe si wa huku, nikueleze. Kwetu mke hamwangalii baba mkwe. Haongei naye, hamtaji jina, hapiti alipo. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia migombani na kugeuka hadi mzee apite. Tunaita kutila. Vijana wa mjini siku hizi wanaicheka, na kwenye familia nyingine imelegea, lakini kwa watu wa umri wa yule mzee ni heshima yote waliyo nayo.

Na mimi nilijua! Hilo ndilo linaloniuma. Mama yangu mzazi alikuwa akifanya hivyo hivyo, nikiwa mdogo nimeshika khanga yake, tumesimama kwenye majani yenye umande mpaka babu apite. Lakini nilikuwa nimeolewa na mtu wa Pwani, nakula meza moja na baba mkwe wangu, na nikajiona nimevuka.

Basi nilimcheka Sekela mbele ya wenzake, kibarazani kwangu. Nilisema tunataka soko huria na bado tunajificha kwenye migomba. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Sekela naye alicheka, kidogo, akiangalia vidole vyake. Wiki ile akahama.

Mabanzi ya banda lake tuliyabomoa, tukayatengeneza kaunta ya fremu mpya. Lilikuwa wazo langu. Nilijisifu sana kwa wazo hilo.

Biashara ikawaka. Abiria walishuka wakijipanga. Sekela akanunua sufuria kubwa, akaweka msichana wa kuosha vyombo. Mumewe, fundi seremala mpole, alinisimamisha barabarani kunishukuru. Nami nikatangaza kila mahali kwamba fremu ile ni kazi yangu.

Tatizo lilikuwa siku ya kliniki. Mzee alikuwa anashuka kwenye pikapu, anafungua mwavuli hata kama hakuna mvua, anauinamisha upande wa fremu ili uso wake usionekane, anapita upande wa pili wa barabara akichechemea. Ndani, Sekela anachuchumaa nyuma ya kaunta na upawa mkononi mpaka aambiwe amepita. Wateja wanaita, chai inachemka inamwagika. Dakika tano hivi, mara mbili kwa siku moja ya mwezi. Leo nikizifikiria dakika zile kumi! Zilikuwa zinamdhuru nani?

Siku moja ya kliniki nilikuwa nimewaleta akina mama wawili kutoka Kyimo waje waone mfano. Nimemsifu Sekela njia nzima. Tunafika, fremu imejaa abiria, na mwenye fremu haonekani. Yuko chini, amejikunja kama anatafuta sindano. Mmoja wa wale akina mama akaniuliza kwa upole, "Huyu ndiye uliyesema?"

Nikatoka nje.

Mzee alikuwa amesimama ng'ambo, chini ya baraza la duka la mitumba, anasubiri manyunyu yapungue. Nikavuka, nikamwamkia vizuri, nikapiga goti kidogo. Nikamkaribisha chai. Aliangalia fremu, akaangalia chini, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mkwe wangu yumo?"

Nikasema, "Hayumo, baba. Ametoka."

Alinishukuru. Ndaga, ndaga, mara mbili, kwa lugha ya nyumbani. Nikamshika mkono kumvusha, kwa sababu ya mguu wake. Mkono ulikuwa mwepesi na wa baridi. Alinifuata kama mtu anayefuata mwanawe.

Tulipoingia nikamwambia Sekela kwa sauti ya juu kwamba mzee ameshapita, ainuke.

Akainuka.

Walikuwa karibu kiasi kwamba mmoja angenyoosha mkono angemgusa mwenzake. Sekela alitazamana na baba mkwe wake uso kwa uso mbele ya watu wote wale. Upawa ukamtoka mkononi. Mzee alivuta koti lake akajifunika kichwa, kabisa, kama mtoto, akageuka kutafuta mlango. Mlango ulikuwa mmoja. Na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi, natabasamu. Nilidhani baada ya sekunde chache watacheka, wanywe chai, mambo yaishe!

Alitembea ovyo chini ya lile koti, akagonga ugoko kwenye kona ya benchi, akanipita. Hakwenda hospitali. Alirudi kwenye pikapu.

Sekela alikaa chini ya kaunta hadi jioni. Hakulia. Wale akina mama wa Kyimo waliondoka bila kuniaga.

Mwenye bucha ndiye aliyenieleza yaliyobaki, wiki ile, akiwa anapasua mfupa kwa shoka na hata hakuniangalia. Kwamba miaka yote ya lile banda, mzee akija mjini alikuwa anasimama kwanza pale bucha, anagonga fimbo kwenye ngazi na kukohoa mara mbili. Siku hizo Sekela alikuwa ameshamimina chai mapema na kuifunika kisosi; akisikia, anatokea mlango wa nyuma. Mzee anaingia, anakunywa, anaondoka. Sekela akirudi anakuta mkungu wa ndizi umeegemezwa mlangoni, au kikapu cha parachichi, au chupa ya maziwa. Ndizi alizokuwa akiuza, nyingine zilikuwa za mzee. Hata mabanzi ya banda alikata mzee, kwenye miti yake.

"Hawajawahi kusemezana," akasema mwenye bucha. "Lakini sijaona mkwe anayependwa kama yule."

Na mimi nilikuwa nimeandika kwenye daftari: *chai, upotevu*.

Mzee hakuja tena mjini. Kidonda cha ugokoni kilikuwa kidogo, lakini mtu wa sukari na kidonda, mnajua. Sekela akatuma neno kupitia mumewe kwamba siku za kliniki atafunga fremu, hatakuwepo kabisa stendi, mzee apite kwa amani. Jibu likarudi: "Mwambieni asiache kazi kwa ajili yangu. Mji mimi nimeshauona."

Nilikwenda kwa mumewe nikasema nitanunua ng'ombe wa kufuta kosa, au chochote kinachotakiwa, wazee wakae wayamalize. Aliacha randa yake. Kwa upole wake ule ule akaniambia, "Dada, kitu hicho kinatoka kwao Sekela kuja kwetu. Wewe ni nani hapo katikati?" Diploma yangu haikuwa na jibu. Na kwao Sekela hakuna mtu, wazazi wamekwisha, kaka yuko machimboni hajulikani.

Fikirini kifungo nilichomfunga. Alitaka kumwomba mzee msamaha, lakini msamaha unaombwa kwa mdomo wako mwenyewe, na mdomo wake haukuruhusiwa mbele ya mzee. Alimwandikia barua, mzee hajui kusoma. Akaipika ile chai, akamtumia kwenye chupa. Chupa ikarudi tupu, imeoshwa. Hatukujua hiyo maana yake nini.

Mwisho nikaenda Kisondela mwenyewe. Nilikuwa nimekodi gari ili nimpeleke hospitali nyingine, mbali na stendi. Alinipokea. Alinipa kiti kizuri, akaagiza niletewe ndizi mbivu. Mguu ulikuwa umefungwa kitambaa, na chumba kilikuwa na harufu ambayo sitaieleza. Nilipiga magoti, nikaongea sana, nikalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno machache tu.

"Mwanangu, mimi nilikuuliza. Ukaniambia hayumo."

Gari nikarudi nalo tupu.

Alizikwa msimu wa mvua. Wanawake wa ukoo walilia karibu na jeneza, Sekela alipika migombani, mgongo ameupa nyumba. Hakuna aliyemfukuza. Lakini tangu hapo hakuna aliyemwambia neno zaidi ya salamu, na mumewe hula kimya. Fremu aliirudisha. Banda la nyuma ya bucha halipo tena, tulilibomoa, na mwenye miti ya kukatia mabanzi hayupo. Sasa anachuma chai kwenye shamba la watu, kibarua, yule mwanamke aliyekuwa na mikono ya baraka.

Ninyi wanawake mnaofanya biashara, naomba mnisikie, na ninyi mnaojua kuwashauri, mnisikie zaidi. Shaurianeni, inuaneni, msikae kichochoroni kwa woga. Bado naliamini hilo. Lakini mwanamke akikwambia kitu fulani anakihitaji, na akainamisha kichwa asiseme kwa nini, usimcheke. Kaa uulize tena, polepole, mkiwa wawili. Pengine hicho unachokiona upotevu ndicho kinachomlisha. Na wewe unayeshauriwa, usikubali kubomoa la zamani kabla hujalala na kuamka katika jipya, hata kama anayekushauri ana cheti ukutani.

Cheti changu nimekishusha. Wanawake bado wanakuja Jumapili, nakaa nao, na nikiulizwa nasema sijui. Wanadhani nawanyima.

Sekela hanichukii, au sijui. Tukikaribia kukutana njiani, anaingia migombani, anageuka, ananipa mgongo mpaka nipite. Mara ya kwanza nilimwita. Hakugeuka. Kwa hiyo sasa nikifika kwenye kona ya njia ya kwao, nasimama kwanza, nakohoa mara mbili, nasubiri apate nafasi ya kuondoka.