Kaseti za Baba na Mchi wa Mwaitu

Enzi zetu wimbo haukupakuliwa, uliviziwa. Ninyi mliokulia Kanyangi, au kwingineko Ukambani wakati kijiji kizima kilikuwa na redio mbili tatu, mnajua ninachosema. Jumamosi alasiri, kipindi cha nyimbo za Kikamba kilipokaribia, Baba aliziokota betri juani alikozianika tangu asubuhi zipate nguvu kidogo, akazirudisha kwenye redio, kisha akaileta mashine ya kurekodi. Redio yetu haikuwa na mahali pa kaseti. Kwa hivyo aliziweka hizo mbili mezani zikitazamana, moja iseme na nyingine isikilize. Akainua kidole, na nyumba nzima ikaacha kupumua.

Aliyekohoa alitolewa nje. Kaka yangu Mutua alipiga chafya siku moja, na chafya hiyo ikabaki ndani ya kaseti, baada tu ya ubeti wa pili, mpaka sisi watoto tukawa tunaiimba pamoja na wimbo. Kuku hawakukielewa kidole cha Baba. Mbuzi pia. Watoto wa leo, ambao huruka wimbo kabla mwimbaji hajasafisha koo, hawaamini kwamba tulingoja wiki nzima tupate dakika chache za muziki, tena tukazipata zina mbuzi ndani.

Mtu mmoja tu hakutii kile kidole. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, alikuwa nje ya dirisha kivulini, akitwanga mahindi ya muthokoi. Mahindi hayo lazima yatolewe maganda kwa kinu na mchi, nayo huchelewa kuiva, kwa hivyo asiyetwanga alasiri hali usiku. Kila Jumamosi Baba alilalamika kwamba anaharibiwa wimbo. Kila Jumamosi Mwaitu alimjibu kwamba wimbo hauliwi. Tulicheka tukiwa tumeziba midomo, maana kidole kilikuwa bado juu.

Mwaitu alitutoka nikiwa darasa la saba. Tunayo picha yake moja tu, ya kitambulisho. Sauti yake hatuna popote, kwa sababu wakati huo kaseti ilikuwa ya nyimbo, si ya watu wa nyumbani.

Sasa mimi naishi Malili, nauza vitambaa, na Baba amebaki Kanyangi, macho yamefifia lakini masikio ni mazima. Juzi juzi alinipa kaseti zake zote kwenye kiondo, akaniomba nimwekee nyimbo kwenye flash, kwa kuwa siku hizi ana kile kiredio kidogo cha kuchomeka flash. Fundi mmoja wa mji wa Wote alizihamishia kwenye kompyuta yangu. Alinionya mapema kwamba kanda zimezeeka na huenda zikacheza mara hiyo ya mwisho. Zikakatika kweli.

Kwenye kompyuta hapakuwa na wimbo hata mmoja wenye jina. Ulikuwa wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, mwimbaji hajulikani. Nikaanza kuzipa majina asubuhi kabla wateja hawajafika. Nampigia Baba simu, namchezea kipande, naye ananiambia ni upi. Shida ni kwamba Baba hakuzijua nyimbo kwa majina yake bali kwa siku alizozinasa. Huo, anasema, ni ule wa ng'ombe kuingia shambani kwa kina Nzioka. Nami nachapa hivyo hivyo. Kompyuta ikataka kujua ni muziki wa aina gani, ikanipa aina chungu nzima nichague. Nilitafuta wetu nisiuone, nikaandika Kikamba, basi.

Binti yangu Mwende, anayefanya kazi Nairobi, alinihurumia. "Mum, hizo nyimbo ziko na noise mob," akaniambia. "Kuna app inatoa yote, wewe ni kupress tu." Nikapress. Kuku wakatoweka, mbuzi wakatoweka, na Mutua akapona mafua. Magitaa yaling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Niliona fahari kubwa, nikazijaza kwenye flash na kumpelekea Baba mwenyewe.

Alisikiliza wa kwanza ameinamisha kichwa. Wa pili vivyo hivyo. Katikati ya wa tatu akaizima redio.

"Sasa mama yenu mmempeleka wapi?"

Sikumwelewa. Nikamwambia Mwaitu haongei popote kwenye kaseti zile, nimezisikiliza zote. Akanijibu kwa upole kwamba hajauliza habari ya kuongea, anauliza mchi. Tangu tumzike, alisema, yeye husikiliza mchi. Nyimbo zilikuwa za kuusindikiza tu.

Njia ya kurudi Malili sikuiona. Ile app ilikuwa imeziondoa nyimbo za zamani na kuweka zile safi mahali pake, na aliyeiruhusu ni mimi, na kanda zilikuwa zimekatika. Nilifungua kompyuta pale dukani kabla hata ya kuketi, nikaingia kwenye pipa la vitu vilivyotupwa. Zilikuwa humo, zote. Nilikaa chini nikalia, halafu nikafunga mlango wa duka na kufungulia sauti.

Ndugu zangu, sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimetarajia kelele ya mchi. Lakini Mwaitu hakutwanga ovyo, alitwanga ndani ya wimbo. Kila palipokuwa na mdundo wa besi, na mchi wake ulikuwa pale. Mnajua nyimbo zetu zilivyo, mwishoni waimbaji wananyamaza na gitaa linatoka mbio. Hapo mchi nao unatoka mbio, haukosei hata kidogo, na gitaa likikata, unakata. Mama wa kanisa ambaye sikuwahi kumwona akitikisa hata bega alikuwa anapiga muziki na bendi za redioni kila Jumamosi, sisi wote tupo, tukidhani ni kazi za jikoni. Kumbe Baba alijua, ndiyo maana hakuwahi kumhamisha pale dirishani.

Kuna wimbo mmoja ambao Baba anauita wa mvua ya kwanza. Huo ndio ulionimaliza. Katikati unasikika mchi wa pili, mdogo, unaochelewa. Ni wangu. Mwaitu alikuwa ameniita nijifunze kupokezana naye kwenye kinu kimoja, yeye apige, ainue, nami nipige. Nachelewa, napiga mara mbili, napotea. Hapo mchi wake, ule usiokosea, unasimama. Gitaa linaenda zake. Mwaitu ananingoja, kisha anaanza polepole, nje kabisa ya wimbo, kwa mwendo wangu, mpaka naingia.

Kwenye kompyuta, penye nafasi ya wanamuziki, baada ya bendi, nimeandika jina lake, Kavata, na pembeni nikaandika mchi. Mbuzi pia nimewaacha. Mwende akitaka wimbo wowote wa dunia hii anautamka tu kwenye simu nao unakuja, safi, hauna hata vumbi. Sisi tulipata mmoja kwa wiki. Nyimbo zake ni nzuri, nami huzisikiliza. Ila hakuna hata mmoja unaosimama nikipotea.