Ruzuku ya Wasiojua Kupiga Breki

Mtu asiniambie kwamba sisi hatuipendi theluji. Sisi wa Alby, kitongoji cha Stockholm kule Sweden, tuliipenda sana, tukiwa ndani, kwa kuitazama dirishani, chai mkononi. Matatizo yalianza siku binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, aliporudi kutoka shuleni na kutangaza kwamba darasa zima linajua kuteleza kwenye theluji kwa skii isipokuwa yeye na mvulana mmoja aliyefungwa plasta mguuni. Kwa jinsi alivyolisema jambo hilo, nilielewa kuwa hata yule wa plasta alikuwa na heshima kumzidi, maana mguu aliuvunja akiteleza.

Nikalipeleka suala hilo kwenye chama chetu cha watu wa Kiswahili. Tulikuwa mchanganyiko: Warundi, Wakongo, sisi Wakenya wachache na Waganda waliokuja kwa ajili ya chakula. Mwenyekiti wetu, Mrundi wa makamo mwenye sauti ya kanisani, alikuwa amesikia kuna mfuko unaotoa ruzuku kwa watoto ambao hawajawahi kabisa kukanyaga skii.

"Ndugu zangu," alisema, "kwa kutojua, hakuna wa kutushinda."

Tukaomba, tukapewa. Ruzuku ilikuwa ya msimu mmoja: vifaa vya kukodi na mwalimu kila Jumamosi, kwenye kilima kidogo cha wanaoanza. Siku ya mwisho mama mmoja kutoka kwenye mfuko angekuja kutazama, na akiridhika, watoto wangepata msimu wa pili, safari hii kwenye mlima mkubwa. Huo mlima ndio binti yangu alioutaka. Wenzake wa darasani walikuwa huko. Alianza kuuombea kabla ya kula, kabla ya kulala, na mara moja katikati ya kupiga mswaki.

Mwalimu wetu, kijana wa Kiswidi mpole kupita kiasi, aliwafundisha watoto pizza. Unatanua visigino, ncha za mbele zinakaribiana, skii zinakuwa na umbo la kipande cha pizza, unapunguza mwendo, unasimama. Watoto walisikiliza. Nasi akina mama tulisikiliza, ila hatukuafiki. Mtoto anateremka mbio namna ile, mama yake yupo pale chini na mikono yake miwili mizima, halafu amwachie pizza? Kwetu mtoto akianguka mbele ya watu wazima, wanaoulizwa ni hao watu wazima. Basi tukajipanga chini ya kilima kama makipa, na kila aliyeteremka alidakwa.

Jirani yangu, mama wa Kikongo mwenye mwili wa kutosha, ndiye aliyekuwa hodari wetu. Alidaka wake na wa wenzake. "Kuja, chéri, kuja kwa mama!" Siku moja alidaka mtoto wa Kiswidi asiyetuhusu. Siku nyingine alidaka mwanamume mzima aliyekuwa anajipitia zake, na yule bwana alimshukuru kwa adabu zote huku uso wake ungali umezama kwenye koti la jirani.

Mwalimu alijaribu kutuondoa. Alituomba, kisha akachora mstari kwenye theluji na kutusihi tukae nyuma yake. Tulikaa, mpaka mtoto wa kwanza alipoanza kuteremka. Baada ya hapo alituachia na kwenda kunywa kahawa.

Aliyelalamika hasa ni binti yangu. "Mamma, sluta! Jag kan själv!" Eti niache, anaweza mwenyewe. Nikamwambia ataweza mwenyewe akishaolewa.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mwenyekiti alikuwa ameamua kwamba yule mama ni mgeni rasmi, na mgeni rasmi hasimamishwi kwenye baridi kutazama makalio ya watoto. Tulibeba viti vya plastiki, meza, kitambaa cha meza, sufuria mbili za pilau zilizofungwa kwa blanketi, na kitenge cha kumvika. Mgeni alikuja na skii zake begani na ndizi mfukoni. Tukampokonya skii, tukamkalisha, tukamvika kitenge juu ya jaketi.

Ikaja hotuba. Mwenyekiti alisimama mbele ya mgeni, na nyuma yake watoto wakapangwa kwaya, skii miguuni, wakiimba kwa sauti ya chini. Hakuna aliyefikiria kwamba pale palikuwa na mteremko kidogo. Mwenyekiti alipofika kwenye historia ya chama, sauti ya kwanza ilianza kuondoka. Mtoto aliteleza polepole kinyumenyume, bado anaimba. Akafuata wa pili. Tukawa tunakimbia, tunadaka, tunarudisha, na upande mwingine wa kwaya unaondoka. Mwenyekiti, mgongo ukiwa kwa watoto, aliendelea kumshukuru Mungu kwa umoja wetu. Mgeni ndiye aliyekuwa ametazama huko.

Akainuka, sahani ya pilau mkononi, akauliza kwa upole kama watoto wanaweza kusimama wenyewe. Mwalimu akaangalia viatu vyake. Mgeni akaomba waende juu wateremke mmoja mmoja, na akina mama wasiwe njiani.

"Akina mama, vitini!" Mwenyekiti akaamuru. Tukaketi.

Binti yangu alikuwa wa kwanza. Kule juu alionekana mdogo kuliko nilivyomjua. Akaja. Alijaribu pizza, lakini miguu ilikuwa haijawahi kuihitaji, ikawa pizza ya upande mmoja, nayo ikamwelekeza moja kwa moja kwenye meza. Nikainuka. Jirani akanivuta koti nikae, yeye mwenyewe kashainuka nusu.

"Ikala, mama, ikala! Mlima mkubwa!"

Mtoto akaketi kwa makalio, akapita chini ya meza, akatokea upande wa pili akiwa amevaa kitambaa cha meza. Pilau ikamfuata. Wa pili alimgonga Mwenyekiti, wakaondoka pamoja. Wa tatu tulikwenda kumchukua kwenye maegesho ya magari.

Nilimkuta binti yangu amelala chali, mchele umejaa kwenye kofia, analia. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema haumwi popote, ila sasa mlima mkubwa basi tena. Nilimpangusa mchele tu, na mimi nikiwa karibu kulia.

Mgeni alikuwa amejishikilia kwenye kiti kwa kucheka. Alipopata pumzi, alijifuta macho kwa ncha ya kitenge na kutoa uamuzi. Ruzuku ile, alisema, ni ya wanaoanza, na katika miaka yake yote ya kukagua hajaona wanaoanza kama hawa. Kuwanyima ingekuwa kinyume cha masharti. Msimu wa pili tumepata. Ila akina mama wakae ndani ya mkahawa, mlango umefungwa.

Mwenyekiti, theluji ikimtoka masikioni, akashukuru kwa niaba yetu sote na kutaka kumalizia hotuba.

Majira ya baridi yaliyofuata tukawa tunakaa mkahawani tukinywa chokoleti ya moto. Jirani alisuka nywele za mtu yeyote aliyekaribia, ili mikono ipate kazi. Jumamosi za mwanzo mwalimu aliwarudisha watoto kwenye pizza kule kilimani, na nilijilazimisha kuketi nimeligeuzia dirisha mgongo. Halafu ikaja Jumamosi ya mlima mkubwa. Nilisimama kwenye kioo cha dirisha. Nikamwona anakuja kwa kasi, kofia yake nyekundu, na mikono yangu ikapanda yenyewe ikagonga kioo. Akatanua visigino, akapunguza mwendo, akasimama. Hakuangalia dirishani hata mara moja. Akarekebisha glavu, akarudi kwenye foleni ya lifti ya kupandia mlima pamoja na wenzake.

Jirani aliona machozi yangu, akaacha nywele za watu, akaja mbio kuniuliza kama mtoto ameanguka.

"Hapana," nikamwambia. "Amesimama."