Plasmidi ya Mama Mkwe

Dereva wa maabara alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho kilikuwa tumboni. Watafiti walipopima choo cha wafanyakazi, walikuta ndani ya bakteria wa utumbo wake plasmidi ngeni: kiduara kidogo cha vinasaba kinachojinakili chenyewe, na nakala zikishatosha, hujizuia chenyewe. Kuanzia hapo bwana akawa anatembea kifua mbele. Maana alihamia ukweni "kwa muda tu", muda ukaota mizizi, na humo kitanda, sahani, hata kandambili, vyote vilikuwa vya mama mkwe. Mpaka wakati huo mama alimwita "mgeni". Angalau plasmidi ilikuwa yake.

Kisha friza ya maabara ikafa, na sampuli zote zikaharibika.

"Usijali, Daktari," dereva alimwambia mtafiti mkuu. "Kiwanda kipo."

Akatoa sampuli nyingine. Hamna kitu! Alikuwa ameng'oa jino, na dawa alizomeza zilifagia wale bakteria pamoja na mzigo wao.

"Watu wa nyumba moja hugawana bakteria," mtafiti akasema. "Unaishi na nani?"

Mke akapimwa, hana. Akabaki mama mkwe. Dereva akalowa jasho. Mkwe hata kumtazama usoni ni kazi, sembuse kumwomba choo!

Alimkuta sebuleni anakunja nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo shikamoo haziishi? Umevunja nini?"

Akaeleza huku akiitazama sakafu, kikopo cha sampuli mkononi. Bila msaada wake, alisema, utafiti umekwisha, naye atabaki dereva tu. Mama akamkazia macho, akanyakua kikopo na kuelekea chooni.

Majibu yakatoka: plasmidi tele, ile ile. Yaelekea, mtafiti akasema, dereva aliipata kwa mama. Maskini wa Mungu, hata hiyo ilikuwa ya kuazima! Alirudi nyumbani, akamweleza mama ukweli wote, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi, akiwa anafuta gari nyuma ya geti, alimsikia mama akimtambia jirani.

"Wanaitafuta kila mahali, kumbe ninayo mimi! Na mwanangu, yule dereva, alikuwa nayo pia. Alirithi kwangu."

Dereva aliendelea kufuta kioo kilichokwisha kung'aa, kwa sababu macho yake hayakuwa yamekauka.