Ndoto za Kukhu

Moshi wa jaa la Dandora uliingia kanisani kabla ya waumini. Harufu ya plastiki iliyoungua na maganda yaliyooza ilishika hadi kwenye kanzu zetu nyeupe, na juu ya mabati makorongo walikwaruza kucha zao mpaka sisi watoto tukainamisha vichwa. Mwaka ule mambo yalikuwa mabaya. Huko mashambani watu walichomeana nyumba kwa sababu ya kabila, na mtaani aliyepiga hodi aliulizwa kwanza kwao ni wapi. Kanisa letu lilikuwa la Waluhya watupu, nasi tuliona nafuu kujifungia humo.

Kwetu hakuna jambo kubwa lililoamuliwa bila ndoto. Kabla ya mahubiri, aliyeota alisimama akasimulia, na bibi yangu, tuliyemwita Kukhu, ndiye aliyesikilizwa kuliko wote. Basi mhubiri wetu kijana alipotaka ibada iwe ya Kiswahili, ili majirani Wakamba waliokuwa wakichungulia dirishani waingie, wazee walisema tumngoje Kukhu aote. Kukhu mwenyewe alijua Kiswahili cha kununulia sukuma wiki tu. Niliogopa sana, maana hata mimi mtoto niliona kwamba wanamwachia mama mzee aamue kama atabaki na kanisa au la.

Jumapili iliyofuata alisimama akasimulia. Aliota mlango wa kanisa umeng'oka, wageni wanamiminika ndani, na yeye yuko nje gizani akiita, hakuna anayemsikia. Mzee mmoja akadakia, "Mmesikia wenyewe. Tukiwafungulia hawa, tunamzika mama."

"Ndoto ni yangu, baba," Kukhu alimjibu kwa Kiluhya. "Aliyeng'oa mlango ule si mtu. Nani atamrudishia Mungu mlango? Waacheni waingie."

Wakaingia na watoto wao na ngoma zao, na ibada ikawa ya Kiswahili. Kukhu hakufa, aliishi miaka mingi. Mwanzoni mama yangu alikaa kando yake akimtafsiria kwa kunong'ona, mpaka watu wakalalamika kwamba wanasumbuliwa, naye akaacha. Kukhu aliendelea kuja, akakaa macho yake ukutani, na sikumsikia tena akisimulia ndoto, hata nyumbani. Nilipomuuliza alisema, "Nimsimulie nani?" Jibu hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa kanisa lile ni la mawe, na linafurika. Mtaa ulipochafuka tena miaka ya baadaye, tulilala humo pamoja, Waluhya na Wakamba na wengineo, wala hakuna aliyeulizwa kwao ni wapi. Siwezi kusema Kukhu alikosea. Lakini Jumapili iliyopita mchungaji alitangaza kwamba, kwa ajili ya vijana, ibada kuu itakuwa ya Kiingereza. Watu walipiga makofi. Mama yangu, ambaye Kiingereza kilimpita kando, alipiga pia, kisha akanigeukia akauliza kwa sauti ya chini, "Utakaa karibu nami?"