Mama Alipita Nikiwa Kwenye Somo

Leo nimemnyooshea mama yangu kiganja anyamaze, kisa Kiingereza cha kwenye simu.

Msinihukumu haraka. Au hukumuni tu.

Nilikuwa chumbani kwangu hapa Njombe, hedifoni masikioni, nafanya zoezi la kuongea. Programu ile ya kujifunzia ikisikia sauti ya pili inakukata alama. Mama akasukuma mlango: "Kamwene, mwanangu!"

Sikuitikia hata salamu. Kiganja tu.

Akarudi nje kwa kunyata. Jamani, KWA KUNYATA.

Nikamaliza. Somo lilikuwa la kukaribisha wageni. Nimepata nyota zote.

Kutoka nje, nakuta mfuko wa maparachichi mlangoni, mama hayupo. Jirani akasema, "Ametukataza kelele, eti unafanyiwa usaili na wazungu wa hoteli. Ameondoka, gari la Ikonda lingemwacha."

Ikonda anaenda hospitali. Katoka kijijini Matembwe alfajiri, na sijui hata anaumwa nini.

Nikampigia.

"Wazungu wamekuchukua?"

"Bado wanafikiria, mama."

"Basi nikifika nitakuombea kwanza, ndipo nimwone daktari."

Nyie, naanzia wapi kumwambia?