Kitufe cha Pita

Kwa miaka ishirini na mitatu Mama Pasi alikuwa amesimama kwenye meza ya tatu kutoka dirishani, katika jumba la dobi, akinyoosha mashati ya watu ambao hajawahi kuwaona sura. Kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, kifua mwisho. Mtu akianza na kifua alimwangalia kama mtu aliyevaa viatu kichwani. Nyumbani alikuwa na mume mstaafu aliyependa gazeti na usingizi kwa kiasi kilekile, watoto wawili waliokwisha kuoa, na kitindamimba wake, Kitinda, muuguzi, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali na hajarudi nyumbani mwaka wa pili sasa.

Hilo la kutorudi ndilo lililokuwa likimla Mama Pasi. Kila likizo ilikuja na sababu yake. Mara wodini watu wachache, mara kuna kozi, mara amebadilishana zamu na mwenzake aliyefiwa. Na simu nazo zilikuwa zimekonda. Mmeamkaje, mmekula, baba hajambo, haya Mama zamu inaanza. Dakika nne, na Mama Pasi anabaki ameshika simu sikioni akisikiliza kimya, kama mtu aliyefungiwa mlango bado anaongea.

Basi siku moja, kwa kukosa la kusema tu, akamuuliza ile mashine ya michezo aliyoiacha kando ya televisheni imefunikwa kitambaa, aigawe au aiache? Kitinda akashtuka. Isiguswe! Yeye huko aliko anayo nyingine, na bado anaucheza mchezo uleule, wenye majoka na wachawi na ngome. Ila siku hizi hata majoka hayahangaikii, anashinda kwenye vilabu vya humo mchezoni akicheza kadi. Akaanza kueleza hizo kadi, na dakika nne zikapita, zikawa kumi, zikawa ishirini. Mama Pasi hakuelewa hata robo, lakini alisikia sauti ya mwanawe ikichangamka, akadakia hapohapo: nifundishe na mimi.

Kitinda alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akasema, "Mama, siku utakayonifunga, hata mara moja tu, nakata tiketi nakuja."

Alisema kwa utani. Mama Pasi hakulichukua kwa utani. Aliweka simu chini, akakitoa kile kitambaa, akakikunja pembe kwa pembe, akamwambia mumewe asogee kwenye kochi.

Mchezo wenyewe, ukiuondolea mbwembwe, ni huu. Kila mchezaji anapewa kadi kumi, na hizo kumi ndizo za raundi zote tatu. Mnaweka moja moja kwa zamu, pointi zinajumlishwa, mwenye nyingi anachukua raundi. Kadi ikishawekwa imekwenda. Anayechukua raundi mbili ndiye mshindi, na aliyeshindwa raundi ndiye anayeanza inayofuata. Kadi zenyewe unazikusanya kwa kuwafunga watu wa mle ndani: mhunzi, muuza samaki, mlinzi wa lango, bibi mmoja mchawi mwenye jicho moja. Kitinda alimsomea vitufe kwa simu, kwa kuwa maandishi yalikuwa ya lugha ya kigeni, naye akaviandika nyuma ya kadi ya dobi na kuibandika ukingoni mwa televisheni: hiki weka, hiki tazama, hiki pita.

Wiki ya kwanza muuza samaki alimchapa mara kumi na nne. Mama Pasi hakuona haya, aliona utamu. Alitoka kazini saa kumi na moja akitembea kama mtu anayedaiwa mbio, anavua viatu mlangoni, hata mkoba hajauweka, anaiwasha. Mumewe akauliza chai iko wapi, akaambiwa jikoni, kana kwamba lililohama siku zile ni jiko, siyo yeye. Alipompata muuza samaki kwa mara ya kwanza na kumnyang'anya kadi ya Jitu, alipiga kigelegele kilichomwamsha mzee na gazeti lake likaanguka. Kesho yake jumba zima la dobi lilijua habari za Jitu, pointi nane.

Alipenda kadi kubwa, Mama Pasi. Aliweka majitu, aliweka Joka la pointi kumi na mbili, na kadi kama Mpagazi, pointi moja, alizidharau kabisa. Ilikuwako moja nyingine, Mpiga Zumari, aliyoiona ya kijinga kuliko zote: pointi zake ni mara mbili ya kadi ulizobakiwa nazo mkononi. Yeye kila alipomkumbuka Mpiga Zumari hakuwa amebakiwa na kitu, kwa hiyo akawa anaweka sifuri na kumlaani.

Jumapili alicheza na Kitinda kupitia mtandao, simu imewekwa spika juu ya meza. Alifungwa Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Siyo kufungwa kwa heshima. Kitinda alikuwa anamfagia, huku akicheka, huku akimwita Mama pole. Mazungumzo yalikuwa marefu sasa, hilo kweli, lakini tiketi haikuwa imekatwa, na Mama Pasi akaanza kushika tama mbele ya meza ya pasi mpaka siku moja akaunguza shati la mtu, jambo ambalo halijatokea tangu aajiriwe.

Aliyemwokoa ni Daktari. Huyu hakuwa daktari wa watu, alikuwa mwanamke wa kutoa madoa pale dobi, na jina alilipata kwa vile alivyoliinamia kila doa akiuliza limeanza lini. Jumamosi mchana alikuja kumtembelea mwenzake, akakaa, akamtazama akipigwa na yule bibi wa jicho moja. Raundi ya kwanza Mama Pasi aliachwa nyuma kwa pointi nyingi, akazidi kuweka, akaweka Joka, akaweka majitu yote mawili, na bado akaikosa. Raundi ya pili alikuwa na kadi mbili za kuombea maji. Daktari akasogeza miwani, akasoma kile kikaratasi, akauliza mbona hiki kitufe cha pita hakitumii?

Mama Pasi alimshangaa. Angewezaje kupita, na yuko nyuma?

Hapo ndipo ilipogundulika kwamba kwa miezi miwili Mama Pasi alikuwa akiamini kitufe kile ni cha anayeongoza. Ukishampita mwenzako pointi, ndipo unabonyeza pita, mashine ithibitishe kwamba umepita. Kwake neno hilo halikuwa na maana nyingine. Akiwa msichana alifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, majina yakabandikwa ukutani, akayasoma mara tatu kutoka juu hadi chini, akarudi nyumbani na kumwambia mama yake kwamba hakupita. Tangu siku ile kupita lilikuwa neno la wengine. Hata kwenye mchezo wa majoka asingethubutu kulibonyeza bila kustahili.

Daktari alicheka, lakini alipouona uso wa mwenzake akaacha.

"Mwenzangu, siyo kupita mtihani huko," alisema. "Ni kupita kama mtu anayepita mlangoni kwako. Unamwambia karibu, anakwambia asante, napita tu, siingii. Raundi hii siingii. Nabaki na vyangu."

Mama Pasi akaiangalia skrini, akauangalia mkono wake uliobaki na kadi mbili, akaanza kucheka peke yake, kicheko cha tumboni, mpaka mzee akafunua jicho kuuliza kuna nini. Miezi miwili! Miezi miwili alikuwa akiingia kila mlango aliokaribishwa, anakula hasara mpaka mfupa, kwa sababu ya neno moja! Akaanza mchezo upya palepale. Bibi wa jicho moja akaweka kadi kubwa tatu. Mama Pasi akaweka Mpagazi, akaweka kijana wa upinde, akabonyeza pita. Raundi ya pili akafungua na Mpiga Zumari, mkono umejaa, na pale palipokuwa na sifuri siku zote pakatokea kumi na nne. Daktari alirukaruka juu ya kochi bila kuvua viatu, na hakuna aliyemgombeza.

Wiki mbili zilizofuata hakucheza na Kitinda. Alisema ana mafua. Alikuwa anapanga. Alitoa Jitu moja na kadi nyingine kubwa, akaingiza vijikadi vya pointi mbili mbili, tatu tatu, vya kupotezea muda. Na alipokuwa akinyoosha mashati aliwaza jambo jingine, ambalo halikuandikwa kwenye mchezo wowote: Kitinda ni mtu wa namna gani. Akakumbuka kwamba mtoto yule hakuwahi kushinda kidogo. Akikimbia na wenzake lazima awaache mbali mpaka wasionekane, akichota maji lazima ndoo ifurike. Hajui kutosheka na ushindi mwembamba. Basi anayetaka kumfunga amwache ashinde vibaya sana.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, walikaa watatu: yeye, mzee, na Daktari aliyekatazwa kusema lolote. Raundi ya kwanza Mama Pasi aliweka pointi tatu. Kitinda akajibu kwa Joka la kumi na nne, akicheka. Mama Pasi akaweka tatu nyingine, akapigwa kumi. Akaweka mbili, tisa. Akaweka tatu, nane. Arobaini na moja kwa kumi na moja.

"Mama, leo nikuonee huruma?" Kitinda aliuliza.

Mama Pasi akabonyeza pita.

Raundi ya pili akaanza yeye. Mpiga Zumari, kadi tano mkononi: kumi. Upande wa pili kicheko kikapungua kidogo. Kitinda akaweka sita; Mama Pasi akaweka Joka, ishirini na mbili. Kitinda tano, Mama Pasi akaweka Jitu lake la muuza samaki, thelathini kamili. Na kwa kuwa hawezi kuvumilia kuachwa nyuma, mtoto yule akatupa nne nyingine bila kufikiri, akafika kumi na tano, ndipo akasikika akihesabu kadi zake. Mama Pasi akapita. Mwishowe Kitinda naye akapita, na raundi ikawa ya mama yake.

Raundi moja kila upande. Kadi tatu kwa tatu. Mzee alikuwa ameweka gazeti chini na kukaa ukingoni mwa kochi, miguu wazi kama mtazamaji wa mpira. Kitinda akaanza na nne. Mama Pasi akamweka Mpagazi, moja, na Daktari akajiziba mdomo kwa mkono. Kitinda tatu, jumla saba. Mama Pasi akaweka mpiga upinde, sita, wakawa sawa saba kwa saba. Kitinda akaweka kadi yake ya mwisho, pointi mbili. Tisa.

Mama Pasi alikuwa amebakiwa na mtu mmoja mwenye mkuki, pointi tano. Aliishika rimoti muda mrefu bila kubonyeza, siyo kwa shaka, bali kwa kutaka jambo lile lidumu. Kisha akabonyeza. Kumi na mbili kwa tisa.

Kelele iliyotoka mle ndani iliwaleta majirani dirishani. Mzee alikuwa anamkumbatia Daktari, akagundua kosa, akahamia kwa mkewe. Mama Pasi alikuwa analia na kucheka, akiwaonyesha wote skrini kana kwamba wasingeiona. Ilichukua muda kabla hawajakumbuka kwamba kwenye simu, juu ya meza, hakuna aliyesema kitu.

"Umo?" Mama Pasi aliuliza.

"Nimo." Sauti ilikuwa ndogo. "Ulijuaje kwamba nitazimaliza kubwa zote mwanzoni?"

"Nimekuzaa."

Kitinda akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka, na Mama Pasi, aliyemjua, akazima spika na kuiweka simu sikioni, akatoka nayo hadi uani penye kamba za nguo. Hapo Kitinda akasema lile alilokuwa akilikwepa miaka miwili kwa dakika nne nne. Hakukuwa na kozi. Hakukuwa na mwenzake aliyefiwa. Likizo alizipata zote, akazimaliza amelala chumbani kwake amefunga pazia.

"Naogopa, Mama. Nikija, sitaweza kuondoka tena."

Mama Pasi alisimama kati ya mashuka. Alitaka kumwambia asiondoke basi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Tiketi," alisema. "Njoo kwanza."

Akasubiri. Kwa mbali akasikia vidole vya mwanawe vikianza kugonga kompyuta, taratibu, na sauti ikimuuliza ni tarehe ngapi yeye hayuko kazini.