Faili Lisilo na Utepe

Dada yangu Loretta amepanga mafaili ya waombaji wa chuo hapa Massachusetts kwa miaka ishirini na miwili. Faili la mtoto wa mhitimu wa chuo hicho hubandikwa utepe wa kijani. Likikataliwa, wakubwa hulisoma tena. Mwaka huu aliomba bintiye, Janine.

"Bandika tu, dada," nikamwambia. Shule niliiacha mapema, lakini kwa ujanja hamnipati. "Nani atajua?"

"Stan, ujanja wako ndio uliokufukuzisha kazi mara tatu. Baba wa Janine alikuwa fundi bomba wa chuo, hakusoma pale."

Faili likaenda bila utepe, likasomwa mara moja, likakataliwa. Barua ya kumkatalia Janine, Loretta aliichapa mwenyewe, akaandika kwenye bahasha anwani ya nyumbani kwake.